Kikohozi kilichobaki Jericho

MATATU nambari 58 ya kwenda Buruburu haina haraka siku ya Jumamosi. Makanga hungoja hadi kiti cha mwisho kipate mtu, kisha huongeza wawili wa kusimama, ndipo dereva anapokubali kuondoa gari. Siku hiyo nilipata kiti cha dirishani nikadhani nimebahatika. Tulipofika Muthurwa niligundua kwamba dirisha lenyewe halifungiki. Kando ya barabara vijana walikuwa wakishusha magunia ya mahindi kutoka kwa lori, na kila gunia lilipotua chini, wingu la rangi ya majivu lilipanda na kutuingilia garini. Abiria wawili watatu wakakohoa. Mama mmoja akafunika pua kwa leso.

"Hiyo ni vitamini ya Eastlands," makanga akasema, na gari zima likacheka.

Nilicheka nami, lakini shingo upande. Nilikuwa nikienda mtaani Jericho kumwona mjomba wangu, na kikohozi chake ndicho kilichonifanya nianze kulitazama vumbi la upande huu wa jiji kwa jicho jingine.

Wazee wa Jericho wanamfahamu mjomba kama refa. Kwa miaka mingi ndiye aliyepuliza filimbi katika mechi za mitaa pale uwanja wa Camp Toyoyo, na watoto wa Lumumba, mtaa jirani, walikuwa wakisema filimbi yake inawafikia wakiwa mezani kwao. Mwaka wa 2021 alipatikana na kifua kikuu. Alimeza dawa kwa miezi sita bila kuruka hata siku moja, mkewe, ambaye sisi sote humwita Anti, akimhesabia vidonge kila asubuhi. Mwishowe makohozi yake yakapimwa, akaambiwa amepona. Na kweli alikuwa amepona. Hilo ndilo jambo ambalo ilituchukua zaidi ya miaka miwili kulielewa.

Miezi michache baadaye kikohozi kilirudi. Kwanza kilikuwa cha usiku tu, halafu cha mchana kutwa. Mjomba akaanza kukonda, suruali zake zikahitaji mshipi wa kijana. Kisha makohozi yakaja na michirizi ya damu. Kliniki moja ikampima, haikuona vijidudu vya kifua kikuu, lakini kwa kuwa dalili zilikuwa zile zile, ikamwanzishia dawa zile zile. Akameza miezi sita mingine. Kikohozi hakikusikia.

Wakati huo wote mtaa ulikuwa ukisikiliza. Katika nyumba za Jericho, ambako ukuta mmoja tu ndio unaomtenga mtu na jirani yake, kikohozi hakina siri. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine wakasema mzee amerukwa na dawa, wengine wakataja ugonjwa ambao kwetu bado hutajwa kwa sauti ya chini. Wajukuu hawakuletwa tena Jumapili. Anti, kwa hofu na bila ubaya, alimtengea mjomba kikombe chake na sahani yake katika rafu ya peke yake.

Vumbi la Jogoo Road

Gari lilipita City Stadium tukaingia Jogoo Road, ile ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Doonholm Road. Upande wa kulia ukawa Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa Kiitaliano waliokamatwa katika Vita Vikuu vya Pili. Ni mtaa wenye miti mizuri na kuta nene, na ukiingia katika baadhi ya vyumba wakati wa mvua za Aprili utakuta kwenye kona, nyuma ya kabati, doa la kijani linaloelekea weusi. Mama hulisugua kwa jiki, na baada ya wiki tatu linarudi. Si Kaloleni peke yake. Doa hilo nimelikuta Bahati, nimelikuta Maringo, na katika ghorofa mpya za Umoja ambako jua halifiki chumbani kwa sababu jirani amejenga hadi dirishani kwako.

Doa lile ni kuvu. Kuvu si mdudu wala si mmea. Ni ukoo wake wenyewe, na ni mkubwa: uyoga ni wa ukoo huo, hamira inayoumua mandazi yako ni ya ukoo huo, mapunye yanayonyoa vichwa vya watoto wa shule ni ya ukoo huo. Nyingi za kuvu hazina habari na binadamu. Kazi yake ni kuozesha vitu, na zisingekuwako tungekuwa tumezama katika majani makavu na maganda ya ndizi tangu enzi za babu zetu.

Moja kati yake inaitwa aspajilasi. Aliyeipa jina ni kasisi wa Florence, Pier Antonio Micheli, mwaka wa 1729. Aliiweka chini ya hadubini, akaona kikonyo chembamba chenye kichwa cha mviringo kilichojaa mbegu, akakumbuka kifaa ambacho padri hunyunyizia waumini maji ya baraka. Kwa Kilatini kifaa hicho kina jina linalofanana na hilo. Sisi wa Kenya tunamfahamu zaidi ndugu mmoja wa familia hiyo, yule anayeota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu na kuacha sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaugua watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 kati yao wakafa. Lakini huyo huua kupitia chakula. Ninayemzungumzia leo, aspajilasi ya moshi, hupitia puani.

Mbegu zake ni ndogo kupita kiasi. Chukua milimita moja uigawanye mara elfu. Mbegu moja ina upana wa vipande viwili au vitatu hivi. Zinaelea katika vumbi la magunia, katika majani yaliyooza, katika nyasi kavu, kwenye ukuta wenye unyevu, hata katika hewa inayoonekana safi. Kila mmoja wetu, tajiri wa Karen na muuza sukuma wiki wa Kayole, huvuta mamia yake kila siku. Ndani ya lile bomba la pumzi linaloanzia chini ya koo na kugawanyika matawi kifuani, kuna ute unaozinasa na vinyweleo vidogo vinavyoufagia ute huo kwenda juu hadi tuumeze au tuuteme bila kufikiri. Zinazoponyoka fagio hilo na kufika mapafuni huliwa na chembe nyeupe za damu. Kazi hiyo hufanyika mchana na usiku, na mwenye afya hajui kama inafanyika.

Kwa hiyo vumbi la Muthurwa halikuwa limemroga mjomba. Abiria wote wa 58 tulilivuta sawasawa. Swali ni kwa nini kwake mbegu zilikubali kuota.

Shimo kifuani

Nilishuka kwenye kituo cha Rabai Road, nikanunua ndizi kwa mama mmoja, nikaingia mtaani. Mjomba alikuwa ameketi nje juani, kofia kichwani, gazeti la juzi magotini. Alinipa mkono bila kuinuka.

"Karibu, mwanangu. Usiogope, siambukizi," akasema, kisha akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja kipite.

Aliyelifumbua fumbo hili alikuwa daktari mmoja wa vifua aliyekubali kumwona mwanzoni mwa 2024. Hakuanza na makohozi. Alianza na picha. Alizipanga eksirei zote za mjomba kwa tarehe, ya 2021, ya 2022 na ya juzi, akaziangalia kwa muda mrefu. Katika picha ya kwanza kulikuwa na kidonda juu ya pafu la kulia. Katika ya pili kidonda kilikuwa kimekauka na kuacha shimo tupu, kama pango. Katika ya tatu pango lilikuwa bado pale, lakini halikuwa tupu. Ndani yake mlikuwa na donge jeupe, na juu ya donge ukanda mwembamba wa hewa, umbo la mwezi mwandamo. Daktari akampeleka mjomba apigwe picha nyingine akiwa amelala ubavu. Donge likawa limebingirika.

"Kifua kikuu kilihama kikaacha nyumba," daktari alituambia. "Mpangaji mpya ameingia."

Kuna mantiki katika jambo hilo ukilifikiria. Shimo linaloachwa na kifua kikuu ni mahali pa joto, penye unyevu na hewa ya kutosha, na kwa kuwa kuta zake ni kovu, damu haifiki vizuri na askari wa mwili hawafiki. Mbegu ikitua humo haina wa kuifagia. Inaota nyuzi, nyuzi zinasokotana na ute na kuwa donge, na polepole ukuta wa shimo unaanza kuliwa. Mishipa midogo ya damu iliyo ukutani ikichubuka, ndipo mgonjwa anapotema damu. Kukonda, uchovu, jasho, damu katika makohozi: ni dalili za kifua kikuu moja baada ya nyingine. Tofauti ni kwamba dawa za kifua kikuu haziui kuvu hata kidogo, na kuvu hii haitoki kwa mtu mmoja kumwingia mwingine. Kikombe cha mjomba hakikuwa na hatia tangu mwanzo.

Si jambo geni duniani. Mwaka wa 1842, John Hughes Bennett wa Edinburgh alieleza kuhusu kuvu aliyoikuta katika mapafu ya mtu. Wala si jambo la ng'ambo tu. Karibu na sisi, mjini Gulu, Uganda, watafiti waliwafuatilia watu waliokuwa wametibiwa kifua kikuu, na katika matokeo waliyochapisha mwaka wa 2019, karibu 5 katika kila 100 walikutwa na ugonjwa huu wa kudumu wa aspajilasi. Ukiwatenga wale ambao eksirei zao zilionyesha shimo, idadi inapanda hadi 26 katika kila 100. Wasiokuwa na shimo hawakufika hata mmoja katika 100. Nilipozisoma hesabu hizo nilimfikiria mjomba na zile eksirei zake tatu zilizokuwa zikilala juu ya kabati ndani ya bahasha ya kaki, kila kliniki ikiangalia moja tu.

Na hapa lazima niseme jambo moja la haki. Dawa ya miezi sita ya kifua kikuu, ile aliyomeza mjomba, ni tunda la ardhi yetu. Zamani mgonjwa alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, na wengi walikuwa wakichoka njiani. Ni majaribio yaliyoanza mwaka wa 1970 hapa Afrika Mashariki, kwa ushirikiano wa madaktari wa hapa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoonyesha kwamba miezi sita inaweza kutosha. Dawa hiyo ilimwokoa mjomba. Ila tumezoea kufunga faili siku ile makohozi yanapokuwa safi, na pafu lenyewe hakuna anayelitazama tena.

Ugonjwa wa bomba lenyewe

Nilimuuliza daktari kama kuvu huweza kushika bomba la pumzi lenyewe, si pafu. Nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza: sauti ya mjomba ilikuwa imekauka na nilihofia kuwa ugonjwa unapanda kooni. Alisema sauti ya mjomba ilikuwa imechoshwa na kukohoa tu, lakini swali lenyewe si la bure.

Ugonjwa huo upo, na ni wa nadra. Kuvu ile ile badala ya kuteremka hadi pafuni hujishikiza kwenye kuta za bomba na matawi yake makubwa. Wakati mwingine huacha vidonda vidogo, wakati mwingine hutandaza utando wa kijivu unaobanduka kama ganda, na wakati mwingine huziba njia kwa vipande vya ute mzito vilivyojaa nyuzi za kuvu. Mgonjwa hukohoa, hukosa pumzi, na kifua chake hupiga mluzi kama cha mwenye pumu. Hapo ndipo mtego ulipo. Anapewa dawa za pumu, hapati nafuu. Anapigwa eksirei, na huenda eksirei ikaonekana safi kabisa, kwa sababu mapafu yenyewe hayajaguswa. Njia ya kuuona ni kupitisha mrija mwembamba wenye kamera puani au mdomoni hadi ndani ya bomba na kukata kipande kidogo cha kupima. Kifaa hicho hukipati kwenye zahanati ya mtaa.

Huwapata hasa watu ambao askari wao wa mwili wamepungua: mgonjwa wa saratani ya damu aliye katika matibabu makali, mtu aliyepandikizwa pafu, mwenye UKIMWI uliofika mbali bila dawa. Tangu Covid-19 iingie nchini Machi 2020, madaktari kote duniani wameongeza kundi jingine: mgonjwa mahututi wa korona au wa homa kali ya mafua aliyewekewa mashine ya kupumulia na kupewa stiroidi. Stiroidi huokoa maisha ya wagonjwa hao, lakini huwapunguzia askari. Huko India mwaka wa 2021, maelfu ya wagonjwa wa korona, wengi wao wakiwa na kisukari, walivamiwa na kuvu nyingine iliyopewa jina la kuvu nyeusi. Mara nyingi ile huanzia puani, na kwa nadra hushika hata bomba la pumzi.

Msomaji mwenye pumu asishtuke na kutupa kifaa chake cha kuvuta. Stiroidi iliyo ndani ya vile vya kuzuia pumu ni kidogo. Inachoweza kuleta ni utando mweupe mdomoni na sauti ya mkwaruzo, nao husababishwa na kuvu ya aina nyingine. Kusukutua mdomo kwa maji kila baada ya kuvuta dawa hupunguza sana shida hiyo. Wapo pia wenye pumu ambao miili yao huichukia aspajilasi mno: haiwali, lakini kuwako kwake tu huwawasha, wakatoa vipande vya makohozi ya rangi ya kahawia na pumu yao ikakataa kutulia. Mwenye dalili hizo amwambie daktari, kwa maana ana tiba yake.

Na kuna kuvu moja ya mapafu ambayo jamii nyingi za Eastlands zimepigana nayo bila kuijua kwa jina. Wale wanaoishi na virusi vya UKIMWI wameijua Septrin kwa miaka. Mojawapo ya kazi za kidonge hicho ni kuzuia nimonia ya kuvu iitwayo nyumosistisi, ambayo kwa muda mrefu hata wanasayansi waliidhani ni kijidudu cha jamii nyingine, hadi ilipotambuliwa mwaka wa 1988 kuwa ni kuvu.

Dandora

Daktari alikuwa ameuliza pia mjomba anashughulika na nini tangu aache kazi. Anti ndiye aliyejibu. Mjomba alikuwa na bustani ya sukuma wiki na mchicha kwenye kipande cha ardhi kando ya mtaa, na mbolea yake alikuwa akiitoa Dandora, ya takataka zilizooza, akiichambua kwa mikono na kuipepeta kwa ungo. Daktari akaandika jambo hilo, akamwambia aiache mara moja.

Juma lililofuata nilipanda 36 kwenda kuona. Dandora ilianza katika miaka ya 1970 kama mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia: mtu alipewa kiwanja chenye choo na bomba la maji, ajijengee mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Jaa la takataka lilifunguliwa kandokando katika miaka hiyo hiyo. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Nilipofika malori yalikuwa kwenye foleni.

Sitakuchosha na harufu. Kitu kilichonishangaza ni joto. Kijana mmoja anayechambua chupa alifukua kwa chuma chake chini ya tabaka la juu, akaniambia niweke mkono. Mvuke ulikuwa ukitoka, na ilikuwa saa mbili na nusu ya asubuhi yenye baridi. Uchafu unaooza hujipasha moto wenyewe, na kuvu nyingi hufa humo. Aspajilasi ya moshi haifi. Inaweza kuota hata kwenye joto linalopita nyuzi 50, na kwake joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37, ni hali ya hewa ya kawaida tu. Ndiyo sababu inatuweza.

Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri hapa hapa jijini, lilitoa utafiti uliofanywa kwa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hili. Karibu nusu yao walikuwa na maradhi ya njia za hewa, na wengi walikutwa na madini ya risasi katika damu. Utafiti huo haukuwa wa kuvu, na ningekuwa mwongo kama ningesema jaa la Dandora ndilo lililompa mjomba donge lake. Moshi, risasi na vumbi vina madhara yao ya kutosha. Mbegu zilizomwingia mjomba zingeweza kutoka Muthurwa au nyuma ya kabati lake mwenyewe. Shimo lilikuwa tayari. Lakini mtu mwenye shimo kifuani hana biashara ya kupepeta mbolea inayofuka mvuke.

Wala mbolea si hatari ya peke yake. Kinyesi cha popo na cha ndege hulea kuvu nyingine zinazoingia kwa pumzi. Mwaka wa 2011 kikundi cha wanafunzi wa biolojia kutoka ng'ambo waliingia ndani ya mti wenye uwazi uliojaa popo katika msitu mmoja wa Uganda, wakarudi kwao wakiwa wagonjwa vifuani. Wanaofuga njiwa juu ya dari za mabati huko Shauri Moyo wanyunyizie maji kabla ya kufagia.

Vidonge na chakula

Damu ya mjomba ilipimwa ikaonyesha askari wengi wa kupigana na aspajilasi, nayo pamoja na picha ikamaliza ubishi. Upasuaji wa kukata kipande cha pafu chenye donge ulizungumzwa, lakini pafu lake la pili halikuwa na nguvu ya kubeba kazi hiyo. Akawekwa kwenye itrakonazoli, kapsuli mbili kwa siku, kwa muda usiopungua miezi sita na pengine zaidi.

Bei yake ilitufanya tuketi chini. Ilibidi tuchange, binamu wa Dandora, wa Kakamega na mmoja aliye Doha, kila mwezi kwa simu. Shirika la Afya Duniani liliiweka itrakonazoli katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2017, na Oktoba 2022 likatoa orodha yake ya kwanza ya kuvu 19 zinazotishia afya ya watu, aspajilasi ya moshi ikiwa katika kundi la juu kabisa. Orodha ni njema. Mfamasia wa mtaani hakuwa ameisoma. Aliniambia flukonazoli ni rahisi na "ni dawa ya kuvu vile vile". Si vile vile. Flukonazoli ambayo wengi wanaifahamu kwa homa ya uti wa mgongo ya kuvu na utando wa mdomoni haifanyi kazi kwa aspajilasi. Tungeinunua, mjomba angemeza mwaka mzima bure.

Lipo jambo jingine ambalo lilinikosesha usingizi nilipolijua. Rifampisini, dawa kubwa ya kifua kikuu, hufanya mwili uivunjevunje itrakonazoli haraka hadi isibaki ya kutosha katika damu. Mgonjwa anayepewa dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha hapotezi miezi sita tu. Hata akiongezewa dawa sahihi ya kuvu, ile ya kwanza inaila. Kapsuli zenyewe zinataka chakula na asidi ya tumbo. Ukizimeza pamoja na dawa za kiungulia, nyingi hupita tu. Anti amelibandika jambo hilo kwa karatasi kwenye mlango wa friji.

Kuna wasiwasi mwingine, na huu unatoka shambani. Dawa za kuua kuvu kwenye maua na mboga ni jamaa wa karibu wa dawa tunazomeza. Kuvu ya udongoni ikizoea moja, hujifunza kuistahimili nyingine. Mwaka wa 2018 watafiti wa Kenya, akiwamo Dkt Christine Bii wa taasisi ya KEMRI, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa udongo wa Naivasha na wa Nairobi uliokuwa umepuliziwa dawa hizo, nao wakakuta humo aspajilasi zisizosikia dawa. Ya mjomba, kwa bahati, inasikia.

Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa kwenye mwezi wa tano. Damu ilikuwa imekoma tangu wa pili. Ameambiwa wazi kwamba donge huenda lisiishe, kwamba lengo ni kulizuia lisile zaidi, na kwamba siku akitema damu nyingi, hata nusu kikombe, asingoje asubuhi. Kuna jirani ambaye bado anavuka upande wa pili wa njia akimwona. Wajukuu wameanza kuja.

Tulikula pamoja, naye akameza kapsuli zake katikati ya chakula kama alivyoagizwa, akateremsha kwa chai. Nilitazama rafu, na kile kikombe cha pembeni hakikuwapo. Anti alisema kilivunjika, sikuuliza zaidi. Baadaye mjomba alishikilia kunisindikiza hadi kituoni Rabai Road. Ni mwendo wa dakika tano, tulitumia ishirini. Alisimama mara mbili, mkono ukutani, na mara ya pili tulikuwa karibu na Toyoyo, ambako vijana walikuwa wakicheza. Refa alikuwa amepuliza filimbi ya kuotea.

"Hakuwa ameotea," mjomba akasema alipopata pumzi. "Yule mtoto alitoka nyuma ya beki. Nimeona mwenyewe."

Tarehe ya eksirei nyingine ni mwisho wa mwezi ujao. Picha za zamani atakwenda nazo zote.